Chini ya Gasketi

Siku ya tatu tangu mabomba ya mji yakauke, Dalenda Ghribi alishuka gatini mapema akamkuta Ami Boubaker ameshavaa nguo zake za mpira, ameketi juu ya kreti la samaki anakula mkate na harisa, ile rojo kali ya pilipili. Mzee huyo alizamia sponji tangu ujana wake hadi sponji zikaadimika. Siku hizi kituo cha maji kilimwita kila mdomo wa bomba la baharini ulipozibwa na mwani.

“Umechelewa, binti,” alisema. “Mkate wangu nimeumaliza. Huu ni wako.”

“Kula tu, ami. Mimi leo hakipiti kitu kooni.”

“Bomba tena?”

“Limetoboka palepale. Ila sikukuitia bomba. Kuna fremu ya mbao niliifunga kwenye nguzo ya nne ya gati, miaka miwili na nusu iliyopita. Nataka uniletee.”

Mzee akaacha kutafuna. “Ile yenye vibati? Nilidhani wewe mwenyewe umeisahau. Kila nikizamia naipita kwa mbali, kama mtu anayepita makaburini.”

Kituo cha Ras Zitouna hakikuwa kikubwa. Kilivuta maji ya bahari, kikayatoa chumvi, kikayasukuma kwenye nyumba elfu nne na hospitali moja. Dalenda alikuwa mkuu wa matengenezo, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye digrii ya sayansi ya vyuma aliyoipata Sfax na sifa ya kutokosea hesabu. Bomba kuu katika chumba cha pampu lilikuwa la chuma kilichochanganywa na kromi na nikeli, kile ambacho wauzaji huapa kwamba kutu haikijui. Lakini miaka miwili na nusu nyuma lilitoboka kwa mara ya kwanza, karibu kabisa na flenji, ile pete nene ya mwisho wa bomba inayofungwa kwa bolti na pete ya bomba la pili, gasketi laini ikibanwa katikati yao kuzuia maji yasivuje. Na hapo karibu na flenji ndipo ulipopita mshono wa fundi Khemais.

Khemais Mathlouthi alikuwa amechomelea vyuma vya kituo kwa miaka kumi na tisa. Dalenda alilitazama shimo, akautazama mshono, akaandika ripoti ya ukurasa mmoja: kazi mbovu ya kuchomelea. Flenji hakuifungua. Mji ulikuwa na kiu, mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, kipande kibovu kikakatwa, na wanunuzi wa chuma chakavu wakakibeba jioni hiyohiyo. Katika kikao Khemais alijitetea kwa maneno machache tu: “Fungueni mtazame chini ya gasketi.” Hakuna aliyefungua. Wiki iliyofuata ripoti ilibandikwa kwenye ubao wa getini, na Khemais, ameshafukuzwa kazi, akapita mbele yake akiwa amebeba kasha lake la vifaa.

Fremu ile Dalenda aliitengeneza siku zilezile. Ungemuuliza, angekwambia ni utafiti. Ukweli ni kwamba neno la gasketi lilikuwa limemkwaruza moyoni, na alitaka bahari yenyewe imthibitishie kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alipanga vipande kumi na viwili vya ukubwa wa kiganja: vitatu vya chuma cha kawaida, vitatu vyenye nikeli asilimia nane, vitatu vya aina ya bomba lao, vyenye nikeli asilimia kumi na mbili na metali ya molibdeni kidogo, na vitatu vya kile cha bei ya kutisha, ambacho robo yake nzima ni nikeli. Kila kimoja alikibana katikati kwa washa mbili za plastiki, zile pete bapa za bolti, ili maji yafichame chini yake kama yanavyofichama chini ya gasketi. Kipande namba tisa alikikata kwenye bomba lenyewe, upande uliobaki mzima, mshono wa Khemais ukipita pembeni yake. Huo ndio aliotarajia uoze.

Kisha kazi zikamzidi, mwaka ukapita, na wa pili. Bomba jipya lilikuwa limeletwa na kampuni ya mbali, mishono yake imepigwa picha za eksirei na kupewa vyeti. Sasa lilikuwa limetoboka palipotoboka la zamani.

Ami Boubaker alizama, akakaa chini muda mrefu kuliko Dalenda alivyopenda, akaibuka na kamba. Waliivuta fremu pamoja. Ilikuwa imevaa makombe na mwani hadi haifanani na kitu kilichotengenezwa na mtu. Waliibeba hadi karakana ya kituo, wakaimwagia maji, wakaanza kukwangua kwa visu vya mbao.

Vipande vitatu vya mwanzo vilimong’onyoka mikononi kama biskuti iliyolowa chai. Hilo Dalenda alilijua. Vyenye nikeli nane viling’aa walipovisugua, na Ami Boubaker akasifu. Dalenda akafungua washa. Chini yake chuma kilikuwa kimechimbwa mashimo, kimoja kimetoboka hadi mwanga ukapita.

“Huyu nje bwana harusi, ndani msiba,” alisema mzee.

Kisha namba tisa. Dalenda alianzia kwenye mshono. Alisugua kwa brashi, akasugua tena, akachukua kioo cha kukuzia na kukisogeza polepole kutoka mwanzo wa mshono hadi mwisho. Ulikuwa mzima. Hauna ufa, hauna tundu hata la ncha ya sindano. Kisha akafungua bolti na kutoa washa, na mkono wake ukasimama. Chini ya plastiki palikuwa na kishimo cheusi kilichoingia ndani kwa mshazari, kikijichimbia njia upande wa mshono. Kama kingepewa miaka mingine miwili kingetokea pembeni yake, na mtu mwenye haraka angeapa kwamba ni mshono uliovuja.

Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

“Nieleze,” alisema Ami Boubaker. “Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana ndivyo nilivyo.”

“Chuma hiki kina ngozi nyembamba, ami. Chumvi ikiikwaruza, ngozi inajiponya kwa hewa iliyomo majini. Maji yakipita, hewa inakuja, ngozi inapona. Lakini chini ya gasketi maji yamelala. Hewa inaisha, chumvi inageuka kuwa kali kama asidi, ngozi hairudi tena. Nikeli inasaidia sana, inafanya ule ulaji uende polepole. Kilicho na nikeli ya kutosha na molibdeni ya kutosha hakiliwi kabisa. Tazama hiki.” Akamwonyesha kimoja cha bei ya kutisha. Chini ya washa palikuwa pasafi, hata michirizi ya msasa aliyoipiga mwenyewe siku ile ilikuwa bado inaonekana.

“Na mshono wa Khemais?”

“Haukuwa na kosa.”

Mzee alikausha mikono yake kwenye suruali, taratibu, kidole kwa kidole. “Mimi nilikaa naye mkahawani siku ile karatasi ilipobandikwa,” alisema. “Aliagiza kahawa, hakuinywa.”

Mkurugenzi, ambaye wote walimwita kwa heshima Si Lamjed, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyelala saa mbili kwa siku tatu, na simu yake ililia tena Dalenda alipokuwa akimwekea vipande mezani. Alisikiliza hadi mwisho.

“Sawa,” alisema. “Andika la gasketi. Tutakwenda nalo makao makuu tuombe chuma bora. La Khemais liache.”

“Ni jambo lilelile, Si Lamjed. Siwezi kuandika nusu yake.”

“Unaweza. Watu wanaandika nusu kila siku. Dalenda, una maadui wawili huko juu ambao wamekuwa wakingoja ukosee tangu upewe hiyo nafasi. Utawapelekea kisu kwenye sinia?”

“Nimekosea kweli. Wakija na kisu, watakuta kazi imeshafanyika.”

Mkurugenzi alimtazama, kisha akairudia simu yake. “Mimi sikuoni,” alisema. “Sijui unakwenda wapi.”

Karakana ya Khemais ilikuwa nyuma ya kinu cha zeituni. Siku hizi alitengeneza nondo za madirisha na trei za waoka mikate. Mkewe, ambaye majirani walimwita kwa heshima Lella Mongia, alikuwa mlangoni juu ya kigoda, akipaka dirisha rangi ya buluu. Alimwona Dalenda akiwa bado mbali na hakuacha kupaka.

“Khemais,” aliita bila kugeuza kichwa, “mhandisi wako amekuja. Sijui ametoa wapi macho ya kutuangalia.”

Khemais akatoka, amepandisha miwani ya kuchomelea kipajini. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimeota mvi. “Lella Dalenda. Unataka dirisha, au una ripoti ya madirisha?”

“Nimekuletea kitu ukitazame.”

“Vitu vyako nilishavitazama. Vimebandikwa getini, mji mzima ukavitazama.”

Dalenda alifungua kitambaa na kunyoosha mkono wenye kipande namba tisa. Fundi hakukipokea mara moja. Lakini macho ya fundi hayana adabu, yalishakwenda yenyewe. Akakichukua, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, huku na huku.

“Huu mkono wangu.”

“Ndiyo. Umekaa chini ya bahari miaka miwili na nusu.”

Alikigeuza. Alipoona kishimo cheusi pale washa ilipokaa na njia yake ya mshazari, alivuta pumzi kwa pua. Aliingia nacho ndani, kwenye mwanga wa taa ya meza, na Dalenda akamfuata bila kukaribishwa.

“Fimbo nilizochomelea zilikuwa na nikeli nyingi kuliko bomba lenyewe,” alisema, kana kwamba anazungumza na kile kipande. “Stoo waliniambia hiyo ni anasa. Nikaenda Sfax kuzitafuta mwenyewe. Kila mshono nikauosha kwa dawa hadi weusi wa moto ukaisha. Nani angenijulisha kwamba siku moja nitaambiwa ni mishono mibovu?”

“Fundi Khemais, nilikosea. Hakuna aliyenidanganya na hakuna aliyenilazimisha. Ulisema tufungue, mimi sikufungua. Nimekuja kuomba msamaha.”

Brashi ya Mongia ilikuwa imenyamaza huko mlangoni.

“Unajua wavuvi wanasemaje?” alisema Khemais. “Wanasema, boti iliyoshonwa na Khemais ipande kama unajua kuogelea. Wananiambia usoni, wanacheka, na mimi nacheka nao. Binti yangu alipoposwa, baba wa kijana aliniuliza kama kweli niliunyima mji maji. Aliuliza kwa upole. Upole wake ndio ulioniua.”

“Nifanye nini?”

“Kazi yenu siitaki, kama ndiyo uliyokuja nayo.”

“Sikuja na kazi. Sina mamlaka hayo.”

“Basi nataka karatasi. Palepale ilipokuwa ile karatasi. Na jina langu limeandikwa sawasawa, maana ile ya kwanza hata jina mlilikosea.”

“Leo kabla ya alasiri,” alisema Dalenda.

Lella Mongia alimpisha njia wakati anatoka, na kwa mara ya kwanza akamtazama. “Ukiibandika,” alisema, “usiibandike ukakimbia.”

Hakukimbia. Saa nane mchana maboza ya maji kutoka Gabes yalikuwa yamesimama getini, na nusu ya mji ilikuwa kwenye foleni na madumu. Dalenda alibandika kurasa mbili kwa pini nne. Watu walisogea, wakanyoosha shingo. Bibi mmoja mwenye shela nyeupe alimvuta mkono.

“Nisomee, mwanangu. Miwani yangu iko nyumbani na herufi zenu ni ndogo kama sisimizi.”

Akasoma kwa sauti. Alisoma kwamba uchunguzi wa kwanza ulikuwa na makosa, kwamba bomba liliharibika chini ya gasketi ambako maji yalilala kila pampu iliposimama, kwamba kazi ya fundi Khemais bin Othman Mathlouthi ilikutwa salama kabisa baada ya siku mia tisa na kumi na moja baharini. Alisoma hadi jina lake mwenyewe chini.

“Kwa hiyo si Khemais,” alisema bibi.

“Si Khemais.”

“Basi ni nani?”

“Ni maji yaliyolala, bibi. Na mimi niliyesema bila kutazama.”

Bibi akalifikiria hilo. “Angalau umekuja kusema mchana kweupe,” alisema, akaliokota dumu lake. Mvuvi mmoja katika foleni alikohoa, akatazama viatu vyake. Wengine wawili walianza kubishana kuhusu nani aliyeanzisha ule mzaha wa kuogelea, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

Kesho yake asubuhi, Dalenda alipokuwa amelala kifudifudi sakafuni mwa chumba cha pampu na tochi mdomoni, aliona viatu vikiingia. Kasha la vifaa likawekwa chini.

“Nilisema siitaki kazi,” alisema Khemais. “Sikusema sitaki kuona. Sogea.”

Walifungua flenji pamoja, ile ambayo hakuna aliyewahi kuifungua ipasavyo. Gasketi ilipobanduka, uso wa chuma chini yake ulikuwa umeliwa kama jibini lililokaa na panya. Dalenda akaanza kueleza mpango wake: kuomba mabomba yote ya kile chuma chenye robo ya nikeli, ambayo yangechukua miezi minane kufika, kama yangekubaliwa.

“Miezi minane watu wanywe nini?” Khemais alichuchumaa, akagonga flenji kwa kucha. “Katikati ya bomba maji yanapita, umesema mwenyewe hapaliwi. Panapoliwa ni hapa usoni tu, upana wa vidole vitatu. Kwa nini tubadilishe bomba zima kwa ajili ya vidole vitatu?”

“Kwa sababu siwezi kununua uso peke yake.”

“Huwezi kuununua. Mimi naweza kuutengeneza. Tunachukua flenji mpya za kawaida, nazijaza usoni kwa zile fimbo zenye nikeli nyingi, tabaka mbili, tatu. Kisha mtu wa mashine ya kukereza anaunyoosha uwe kama kioo. Gasketi inakalia nikeli, haikalii bomba.”

Dalenda alikuwa amesoma habari za njia hiyo zamani, chuoni, katika sura ambayo haikutoka kwenye mtihani. Alichukua chaki akaanza kupiga hesabu sakafuni: joto, unene, kiasi gani cha chuma cha chini kingechanganyika na nikeli tabaka la kwanza likimwagwa.

“Tabaka tatu,” alisema mwishowe. “Mbili hazitoshi, la kwanza litachafuka.”

“Nilisema mbili au tatu.”

“Na pampu ikisimama, tunasukuma maji matamu ndani mpaka chumvi itoke. Tutaweka bomba dogo hapa, valvu moja. Bahari isilale humu hata siku moja.”

“Hilo sikulifikiria,” alikiri Khemais.

“Mimi la nikeli sikulifikiria. Tuko sawa.”

“Hatujawa sawa,” alisema, lakini alikuwa tayari anavuta kebo.

Alifanya kazi siku mbili, duara baada ya duara, akingoja chuma kipoe kabla ya tabaka linalofuata, hataki kuharakishwa na yeyote. Si Lamjed alichungulia mara moja, akaona, akarudisha mlango. Adhuhuri ya siku ya pili Lella Mongia alikuja na kapu: kuskus ya samaki na pilipili ya kukaanga. Alipakua sahani mbili tu. Kisha akamtazama Dalenda aliyekuwa amekaa pembeni na karatasi zake, akatafuta chini ya kapu, akatoa ya tatu.

“Kula,” alisema. “Mtu mwenye njaa anasoma vibaya.”

Alhamisi asubuhi, nyuso zikiwa zimeshanyooshwa kwenye mashine ya kukereza na flenji kufungwa, pampu iliwashwa. Dalenda alikuwa ameweka kiganja juu ya flenji ya kwanza na Khemais juu ya ya pili, wote wawili wakisikiliza kwa mikono. Hakuna tone lililotoka. Kabla ya saa sita simu ya mkurugenzi ilianza kulia tena, safari hii watu wakimwambia maji yamefika, kana kwamba yeye ndiye wa mwisho kujua. Hospitali walipiga wa kwanza.

Wale maadui wawili wa makao makuu walikuja kweli, mwezi uliofuata, na faili. Dalenda alipewa onyo la maandishi kwa ajili ya ripoti ya kwanza. Alilipokea na kulitia sahihi, kwa kuwa lilikuwa la haki. Kisha mmoja wao, alipokuwa akiaga, akauliza kama anaweza kupata michoro ya zile flenji kwa ajili ya kituo kingine kusini chenye ugonjwa huohuo. Dalenda alimwambia michoro iko, lakini mchoro hauchomelei.

Mwaka ulipotimia walisimamisha pampu na kufungua flenji ya kwanza. Ami Boubaker alikuwepo, ingawa hakuna aliyemwita. Gasketi ilibanduka kwa sauti ndogo ya kunyonya. Dalenda akapangusa uso wa chuma kwa kitambaa, akamulika, akapitisha kioo chake duara zima bila haraka, kisha akampa Khemais naye apitishe.

“Pasafi,” alisema Khemais.

“Pasafi.”

“Itakaa miaka kumi na mitano.”

“Mimi nitaandika kwamba mwaka mmoja haina shimo. Hiyo kumi na mitano nitaiandika ikifika.”

“Huyu mwanamke,” Khemais alimwambia Ami Boubaker, “hakupi hata sentimita moja ya bure.” Lakini alikuwa anatabasamu wakati anakaza bolti, moja upande huu, moja upande wa pili, kwa zamu.

Jumatatu iliyofuata Dalenda na Khemais waliondoka asubuhi kwenda kusini, kwenye kile kituo kingine, gari la kituo likiwa limejaa mashine, na fimbo za nikeli zimefungwa kwenye blanketi zisipate unyevu. Njiani Khemais alieleza jinsi ya kumwaga tabaka la kwanza bila kuchoma sana, na Dalenda akaandika.